Usafi wa kila siku na kinga ya mwili: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Sabuni ya kuua bakteria inaishinda ya kawaida? Kitakasa mikono kinatosha peke yake? Nioge mara ngapi kwa siku? Mtoto akilelewa kwenye usafi mwingi, kinga yake si italala? Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, kwa mtu anayetaka kupanga usafi wake na wa nyumba yake tangu mwanzo.

Jambo moja liweke kichwani kabla hujashika ndoo: usafi hauongezi kinga. Kazi yake ni mbili. Kwanza, unapunguza idadi ya vijidudu vinavyoingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Vikiingia vichache, kinga huvimaliza bila hata wewe kujua; vikiingia vingi, unaugua. Pili, unalinda uzio ambao mwili umejijengea wenyewe: ngozi, utando telezi wa pua na kinywa, mate, asidi ya tumbo na bakteria wema wanaoishi utumboni. Mtoto anayeharisha mara kwa mara utumbo wake huharibika kwa ndani, chakula hakisharabiwi vizuri, lishe inashuka, kinga nayo inashuka, halafu kuharisha kunarudi. Kuukata mzunguko huo kuna faida kuliko sabuni yoyote ya bei ghali. Basi usilenge kuua kila kijidudu. Osha kinachohitaji kuoshwa, kwa wakati wake, bila kuuchana uzio wenyewe.

Mahitaji

- Sabuni ya kawaida, ya kipande au ya maji. Sabuni ya kipande ikae kwenye kisahani chenye matundu ili ikauke kati ya matumizi.
- Maji yanayotiririka: bomba, ndoo yenye koki, au kibuyu chirizi (dumu la lita 5 lililotobolewa tundu na kuning'inizwa, unaliinamisha kwa kamba unayoikanyaga kwa mguu). Beseni moja la kunawia watu wote halifai.
- Taulo ya kila mtu peke yake, na kitambaa kingine cha mikono.
- Mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato.
- Mswaki wenye nywele laini, uzi wa meno, na dawa ya meno yenye floraidi 1,000 hadi 1,500 ppm. Kiwango hicho huandikwa kwenye boksi.
- Kikata kucha.
- Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.
- Mbao mbili za kukatia: moja ya nyama na samaki wabichi, nyingine ya mboga, matunda na mkate.
- Dawa ya klorini ya maji isiyo na manukato, glavu za mpira na kikombe cha kupimia.

Sabuni ya kuua bakteria haimo kwenye orodha, na si kwa kusahau. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za kunawia na kuogea majumbani, triklosani ikiwamo, kwa sababu watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu wala kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Weka pesa hiyo kwenye sabuni ya kawaida iliyo nyingi, isiishe katikati ya wiki.

Hatua

1. Panga nyakati, kisha zifuate

Kunawa mara 30 kwa siku kwa nyakati zisizo na maana hakufui dafu mbele ya kunawa mara 8 kwa nyakati zinazostahili. Nawa kabla ya kupika, kula, kulisha mtoto, kunyonyesha, kugusa kidonda na kuvaa lenzi za macho. Nawa baada ya kutoka chooni, kubadilisha nepi, kushika nyama mbichi au mayai, kupenga kamasi, kumhudumia mgonjwa, kushika mnyama au taka, na kila unaporudi nyumbani. Ukibanwa ukashindwa yote, usikose mawili: baada ya choo au nepi, na kabla ya kushika chakula.

Sabuni na maji viwe pale pale panapohitajika, hatua chache kutoka chooni na jikoni. Sabuni iliyofungiwa kabatini haitumiki.

2. Nawa mikono ipasavyo

a) Vua pete na saa. Lowesha mikono kwa maji yanayotiririka. Yawe baridi au vuguvugu, kazi ni ile ile. Maji ya moto hayaongezi usafi, yanakausha ngozi tu.
b) Paka sabuni ya kutosha kutoa povu mikono yote, kisha funga maji.
c) Sugua kwa sekunde 20 zisizopungua, kwa mpangilio huu: viganja, mgongo wa kila mkono, katikati ya vidole, kila dole gumba, ukilizungusha ndani ya kiganja cha mkono mwingine, ncha za vidole na kucha, ukizikwaruza kiganjani, mwisho vifundo vya mikono.
d) Suuza mpaka utelezi uishe.
e) Kausha kabisa kwa kitambaa safi. Mikono yenye majimaji huhamisha vijidudu kwa urahisi kuliko mikavu, kwa hiyo kujifuta kwenye suruali au kwenye kitambaa kilicholowa tangu asubuhi ni kuiharibu kazi yote.

Sababu ya sekunde 20 ni hii. Molekuli ya sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Inahitaji muda na msuguano ili kuung'oa uchafu wenye mafuta uliobeba vijidudu, na kuupasua utando wa mafuta unaovifunika virusi kama vya homa ya mafua na korona. Sehemu zinazorukwa zaidi ni dole gumba na ncha za vidole, na ndizo zinazogusa chakula, macho na pua. Kucha ndefu zinaficha uchafu usiofikiwa na sabuni: zikate kila wiki.

3. Tumia kitakasa mikono pale tu maji hayapo

Mimina kinachotosha kulowesha mikono yote, kama mililita 3, na sugua kwa mpangilio ule ule mpaka ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30. Ikikauka kabla ya sekunde 15, umetumia kidogo mno. Usiifute.

Kitakasa hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye matope, mafuta au damu. Hakiviwezi vijidudu kadhaa vya kuharisha, hasa norovirusi na mbegu za bakteria wa Clostridioides difficile. Kukiwa na mtu anayeharisha au kutapika nyumbani, sabuni na maji havina mbadala. Kiweke mbali na moto, na mbali na mtoto mdogo, kwani akinywa kinamdhuru.

4. Oga bila kuichubua ngozi

Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, pH ya karibu 5, na hali hiyo inawazuia bakteria wengi wabaya kuzaliana. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Ukioga mara tatu kwa siku na kujisugua mwili mzima kwa sabuni na dodoki gumu, unayaondoa mafuta yanayoshikilia seli za ngozi pamoja. Ngozi inapata nyufa ndogo usizoziona, na hapo ndipo mahali pa kuingilia.

Mara moja kwa siku inatosha watu wengi. Ongeza ya pili ukitoka jasho au ukifanya kazi chafu, na hiyo ya pili inaweza kuwa ya maji matupu. Tumia maji vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni ipite kila siku kwapani, kinenani, makalioni na miguuni. Mikono, mgongo na tumbo hazihitaji povu jingi. Jikaushe kwa kugandamiza taulo badala ya kusugua, ukimalizia katikati ya vidole vya miguu, maana unyevu ukibaki hapo fangasi huota. Paka mafuta ndani ya dakika 3 baada ya kutoka bafuni, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo.

Mambo mawili yanayoleta madhara kwa kujisafisha kupita kiasi. Uke usioshwe kwa ndani, iwe kwa sabuni, dawa au maji ya kupuliza. Bakteria wema waliomo, jamii ya laktobasila, huweka pH ya 3.8 hadi 4.5 inayozuia maambukizi, na kuosha ndani kunawafagia. Osha nje tu kwa maji, na baada ya haja jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Masikio nayo yaache: nta inatoka yenyewe, na kijiti cha pamba huisukuma ndani zaidi.

5. Kinywa na pua

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara, moja ikiwa kabla ya kulala. Shika mswaki kwa mshazari wa nyuzi 45 kuelekea fizi, uzungushe polepole. Tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku. Badilisha mswaki kila baada ya miezi 3 au 4, au mapema zaidi nywele zikitawanyika. Fizi zilizovimba ni kidonda kilicho wazi kinachoishughulisha kinga kila saa, na watu wengi wanakivumilia kwa miaka.

Puani usichokonoe kwa kidole wala usinyofoe nywele. Ukisafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yawe yamechemshwa na kupozwa, au yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled water). Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kubeba amiba aina ya Naegleria fowleri, ambaye akipitia puani huua.

6. Jikoni na maji ya kunywa

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi, kwa kuwa kijidudu kilichofika kwenye chakula kinazaliana; cha kwenye kitasa cha mlango hakizaliani hivyo.

- Usioshe kuku mbichi kwenye sinki. Maji yanarusha matone yenye bakteria wa kuharisha, Campylobacter na Salmonella, kwenye vyombo na mboga. Moto ndio unaoviua: nyama ya kuku ifike nyuzi 74 za Selsiasi kwa ndani. Bila kipimajoto, pika mpaka nyama karibu na mfupa isiwe na rangi ya waridi na maji yake yawe meupe.
- Mboga na matunda ya kuliwa mabichi yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, ukisugua kwa mkono. Usitumie sabuni: tunda linainyonya.
- Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana kwa kasi. Friji iwe kwenye nyuzi 4 au chini yake. Sufuria kubwa igawe kwenye vyombo vifupi ili ipoe upesi. Unapopasha moto, chakula chote kitokote, siyo pembeni tu.
- Sponji na kitambaa cha jikoni mara nyingi ni vichafu kuliko sehemu ya kukalia ya choo. Vitambaa vifue kwa maji ya moto kila siku au siku mbili na kuvianika vikauke. Sponji itupe ikianza kunuka, isibaki hata siku moja.
- Maji ya kunywa yachemshe yatokote kwa dakika 1 kamili. Ukiwa juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Yapozee yakiwa yamefunikwa. Yaweke kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au koki. Maji mengi yaliyochemshwa vizuri huchafuka upya kwa kikombe na vidole vinavyochovywa ndani.

7. Safisha kwanza, kisha tia dawa pale inapobidi

Siku za kawaida meza, vitasa na swichi vinahitaji maji ya sabuni tu. Klorini ni ya choo, ubao wa nyama mbichi, na nyumba yenye mgonjwa. Ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu unaila nguvu yake, ndiyo maana sabuni hutangulia.

Soma asilimia kwenye kibandiko, kisha piga hesabu: asilimia ya dawa, gawanya kwa asilimia unayotaka, toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Kwa nyuso za kawaida unataka asilimia 0.1. Dawa ya asilimia 5: 5 ÷ 0.1 = 50, toa 1, ni 49. Yaani mililita 20 za dawa kwenye mililita 980 za maji zinakupa lita moja. Kwa matapishi, kinyesi au damu tumia asilimia 0.5, ambayo ni sehemu 1 kwa 9. Paka, acha dakika 10 pakiwa bado pamelowa, kisha suuza mahali panapogusa chakula au panapochezewa na mtoto.

Tahadhari: usichanganye klorini na siki, limau, dawa ya choo yenye asidi wala kisafishaji chenye amonia. Mchanganyiko hutoa gesi inayoharibu mapafu, na bafu dogo lililofungwa linatosha kumuua mtu. Tumia maji baridi, fungua dirisha, vaa glavu, changanya upya kila siku, na usiuweke mchanganyiko kwenye chupa ya soda. Usipulizie mtu dawa hii mwilini, hata kidogo.

8. Nguo na matandiko

Shuka na foronya kila wiki, taulo kila baada ya matumizi matatu au manne, chupi na soksi kila siku. Za mgonjwa anayeharisha zifuliwe peke yake kwa maji ya nyuzi 60, bila kuzikung'uta kwanza. Anika mpaka zikauke kabisa.

9. Kikohozi na hewa

Kohoa na piga chafya kwenye tishu uitupe, au kwenye kiwiko cha ndani. Ieleweke pia kwamba mikono safi haizuii kila kitu: homa ya mafua, kifua kikuu na surua husafiri hewani. Fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, vaa barakoa unapomhudumia mwenye kikohozi, na hakikisha chanjo zimekamilika. Chanjo ndiyo inayoifundisha kinga kazi. Usafi hauwezi kuchukua nafasi yake.

10. Kidonda kidogo

Nawa kwanza. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni pembeni yake kwa dakika kadhaa, ondoa mchanga wote, paka mafuta ya mgando, funika kwa bandeji, badilisha kila siku. Spiriti na haidrojeni paroksaidi ndani ya kidonda huua pia seli zinazokiponya. Kidonda kilichoingia ndani sana, cha msumari au cha kung'atwa na mnyama ni cha kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa ajili ya pepopunda na kichaa cha mbwa.

Mambo yakienda mrama

Mikono inapasuka na kuwasha. Sabuni ni kali au haisuuzwi ikaisha. Hamia ya maji isiyo na manukato, paka mafuta ya mgando kila baada ya kunawa, na usiku paka mengi uvae glavu za pamba. Usiache kunawa. Ikiendelea baada ya wiki mbili, huenda ni pumu ya ngozi, inatibika.

Mnanawa vizuri, lakini bado mnaharisha. Kagua kwa mpangilio huu: chombo cha maji ya kunywa, sponji, ubao wa nyama, chakula cha jana, kisha chupa ya mtoto na chuchu yake. Mara nyingi tatizo liko kwenye mawili ya kwanza. Wakati unakagua, anayeharisha anywe maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini). Mtoto apate na zinki kutoka kituo cha afya.

Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki. Usiruke sehemu hiyo, piga kwa upole zaidi na ongeza uzi. Kwa kawaida damu hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, nenda kwa daktari wa meno.

Harufu ya kwapa inarudi saa chache baada ya kuoga. Mara nyingi imo kwenye nguo. Loweka kwapa za nguo kwenye maji ya moto na sabuni kwa dakika 30 kabla ya kufua, na usivae nguo iliyokauka nusu.

Unaogopa usafi utadhoofisha kinga ya mtoto. Hofu hii ilipata nguvu baada ya mtafiti wa Uingereza, David Strachan, kuandika mwaka 1989 kwamba watoto wa familia ndogo wanapata mzio zaidi, akidhani ni kwa sababu wanaambukizwa vijidudu vichache na ndugu zao. Kinachoizoeza kinga ya mtoto ni vijidudu vya kawaida vya mama, maziwa ya mama, udongo, wanyama na chakula cha aina nyingi. Kuharisha na homa ya matumbo havimfundishi chochote cha kufidia madhara yake. Mwache acheze chini, apande miti, ashike mbwa mwenye chanjo. Anawe kabla ya kula.

Mnafuata yote na bado mnaugua. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida. Mtu mzima angalia kwanza usingizi: chini ya saa 7 kila usiku, kinga inapungua nguvu. Lakini nimonia mbili ndani ya mwaka mmoja, majipu yanayorudi, utando mweupe kinywani kwa mtu mzima, kupungua uzito bila sababu au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili havitibiwi kwa sabuni. Nenda ukapimwe sukari, VVU na kifua kikuu, na umweleze daktari ni mara ngapi umeugua na umetumia dawa gani.